Kitenge cha Jubilei ya 2025 baada ya kufuliwa mara kumi na nane

Nilikinunua kitenge hiki katika Dominika ya pili ya Kwaresima mwaka 2025, mara baada ya Misa ya kwanza, kwenye meza iliyowekwa chini ya mwembe nyuma ya kanisa la parokia yetu hapa Dar es Salaam. Kipande cha yadi 6 kilikuwa kinauzwa shilingi 25,000, bei moja kwa wote, na aliyepungukiwa aliandikwa kwenye daftari la mweka hazina wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) ili amalizie kidogo kidogo hadi Pasaka. Tangu siku ile nimekivaa mwaka wote wa Jubilei, yaani Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, nimekifua mara kumi na nane kwa kuhesabu, na kwa kuwa nina cherehani nyumbani, nimekishona kwa ajili yangu na kwa ajili ya akina mama wengine kumi wa jumuiya yetu. Kwa hiyo nakijua kitambaa hiki kikiwa jora, kikiwa chini ya mkasi, kikiwa mwilini na kikiwa kwenye beseni.

Naandika kwa sababu hakuna mwaka unaopita bila parokia, kigango au kwaya kuchapisha kitenge kipya: somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake, jubilei ya upadre, kutabaruku kanisa, ujio wa Askofu. Mama mmoja anaweza kuwa na vitenge sita vya sherehe sandukuni, vyote amevilipia kutoka mfukoni mwake, na sijawahi kuona mtu akivitathmini kwa uwazi kama tunavyotathmini sufuria au simu. Aliyetuuzia jora simtaji, na parokia yangu siitaji.

Nianze na kitambaa chenyewe. Mezani tuliambiwa kuwa ni pamba tupu. Nilipofika nyumbani nilichomoa uzi mmoja pembeni nikauwasha kwa kiberiti, kama marehemu mama alivyonifundisha. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka ukiligusa, lakini uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Uzi wangu ulifanya yote mawili, ukaacha jivu kidogo na punje kidogo, maana yake ni kwamba kitambaa kimechanganywa. Kuchanganya si kosa, kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo hakikunjamani sana na hupigika pasi kwa urahisi. Kosa ni kumwambia mnunuzi kuwa ni pamba tupu, hasa katika mji huu ambamo mwezi wa Machi kanisa lenye paa la bati na waamini elfu moja ndani yake huwa na joto la tanuri. Katika Misa ya mkesha wa Pasaka, yenye masomo yake marefu na ubatizo wa wakatekumeni, gauni lilinigandia mgongoni kabla hatujafika kwenye Injili.

Kipimo nacho hakikuwa sawa. Yadi 6 ni takribani mita 5 na nusu, lakini kipande changu kilikuwa mita 5 na sentimita 20, na kati ya vipande kumi na kimoja nilivyovipima kabla ya kukata, vitatu tu vilitimia. Kwa asiyeshona, sentimita 30 zinaweza kuonekana ni jambo dogo. Kwa fundi, hiyo ni mikono ya blauzi. Akina mama wenye miili mikubwa waliotaka gauni refu na kilemba ilibidi wachague kimoja, na wawili kati yao walinunua nusu kipande cha nyongeza wasichokuwa wamekipangia fedha.

Rangi ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Nilikiloweka kwa chumvi usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa ya bluu kabisa. Niliyamwaga, nikaloweka tena, yakatoka bluu. Kiliacha kuchuja baada ya kufuliwa mara ya tano. Wengi hawakuwa na muda wa kukiloweka, wakakishona moja kwa moja, na matokeo yake tuliyaona siku ya hija ya Bagamoyo mwezi wa Agosti. Tulisali Misa, tukatembea hadi ufukweni kwenye msalaba unaokumbusha kufika kwa wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, tukaimba Litania juani, na tuliporudi kwenye basi shumizi nyeupe za akina mama zilikuwa na mabaka ya bluu makwapani na kiunoni. Bibi mmoja alikuwa amejifunga shingoni skapulari mpya, kile kitambaa kidogo cha ibada chenye kamba. Kamba zake ambazo asubuhi zilikuwa nyeupe zilikuwa zimegeuka rangi ya anga. Leo, baada ya kufuliwa mara kumi na nane, bluu ya mgongoni na mabegani imepauka na kukaribia kijivu, ilhali nyekundu na kijani vimebaki vilevile. Chapa nayo iko upande mmoja tu. Ukifunga kilemba, upande wa ndani uliofifia unajitokeza kwenye kila mkunjo. Niliweka kando yake kitenge cha kawaida nilichonunua Mtaa wa Uhuru kwa shilingi 18,000, chenye chapa pande zote mbili, nikavifua pamoja kuanzia mara ya sita. Cha Mtaa wa Uhuru hakijabadilika.

Sasa nije kwenye michoro, ambayo ndiyo hasa tuliyoilipia, kwa maana kitambaa cha kawaida tungekipata popote. Msanii alitumia nembo rasmi ya Jubilei: watu wanne wenye rangi nne wanaokumbatiana, wa mbele yao akiushika Msalaba ulioinama kuwaelekea, na chini mguu wa Msalaba unageuka kuwa nanga katikati ya mawimbi. Ni nembo nzuri, na kwa watu wa pwani nanga haihitaji kuelezwa na katekista. Mvuvi wa Kunduchi anajua ni kitu gani kinachoshika chombo kisipelekwe na upepo. Kwa bahati mbaya, kwenye majora mengi kipimo cha nembo kilizidi upana wa chapa, nanga ikakatwa, na kilichobaki ni watu wanne waliokumbatia mti uliopinda. Rangi nyekundu imevuka mistari yake kwa upana wa unyasi, hivi kwamba mtu wa kwanza anaonekana ana kivuli. Kwenye pindo paliandikwa kaulimbiu ya Jubilei, Mahujaji wa Matumaini, ila jora tatu zilikuja na neno la mwisho limepungukiwa herufi moja, likasomeka Matumani. Kosa hilo lilionekana siku ya kuuza, mbele ya watu, wakati ambapo haliwezi kurekebishwa, na mtoto wa darasa la nne ndiye aliyelisoma kwa sauti. Sijui ni nani aliyeidhinisha sampuli, au kama kulikuwa na sampuli. Kuchapisha Neno la matumaini lenye kosa na kulivaa mbele ya Ekaristi ni jambo lililoniumiza kwa dhati, si kwa sababu ya sarufi, bali kwa sababu lilionyesha kwamba hakuna aliyekaa na kazi ile nusu saa akiitazama kwa upendo.

Katikati ya nembo na nembo, kila baada ya sentimita 40 hivi, paliwekwa duara lenye sura ya Baba Mtakatifu Francisko akitabasamu na kuinua mkono wa kubariki. Sura imetoka vizuri kuliko kitu kingine chochote kwenye kitenge hiki. Hata makunyanzi ya macho yanaonekana. Na ni sura hiyo hiyo iliyoleta mjadala mrefu kuliko mijadala yote niliyoisikia jumuiyani kwetu mwaka ule.

Bibi mmoja wa jumuiya, mwenye miaka zaidi ya themanini, aliniletea kipande chake nimshonee gauni. Alikitandaza mezani, akakitazama kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ni Baba Mtakatifu. Mimi nikikaa kwenye benchi, nitakuwa nimemkalia. Nitamkaliaje?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilijua wapo wanaosema kwamba hayo ni mawazo ya kizamani, na nilijua pia wapo ndugu zetu wa madhehebu mengine wanaotuambia kwamba tunaabudu picha, na maneno ya bibi yangewapa la kusema. Lakini bibi hakuwa anaabudu. Alikuwa na adabu. Kwa malezi yake huwezi kukalia kiti cha baba mwenye nyumba, sembuse uso wake.

Tulilipeleka swali kwa Paroko, naye alitujibu kwa utulivu. Alitukumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulifundisha kuwa heshima inayotolewa kwa sanamu humwendea yule anayewakilishwa nayo, na ndiyo maana sanamu takatifu huheshimiwa bila kuabudiwa. Halafu akatofautisha vitu viwili. Kitu kilichobarikiwa au kuwekwa wakfu kwa ajili ya ibada, kwa mujibu wa kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa, kinapaswa kutendewa kwa heshima na hakitumiwi kwa mambo yasiyofaa, hata kama ni mali ya mtu binafsi; kitenge cha dukani ambacho hakikubarikiwa hakiingii kwenye kanuni hiyo, na anayekikalia hatendi dhambi. Mwisho akasema kwamba kisichokuwa dhambi kinaweza bado kuwa utovu wa adabu, na kwamba angependa safari nyingine sura ziwekwe mahali ambapo hazitakaliwa. Nililiona jibu hilo kuwa la mchungaji. Lilimwacha bibi na heshima yake, na halikumtia hatiani mama ambaye alishakwisha kushona sketi yenye sura mbili nyuma.

Kwa upande wa ufundi, hata hivyo, jibu hilo halikupunguza kazi. Sura ikirudiwa kila sentimita 40 kwenye kitambaa chote, huwezi kukata gauni bila moja kuangukia kiunoni nyuma, nyingine chini ya kwapa, na nyingine kukatwa nusu kwenye mshono, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko kukaliwa. Nilijaribu mara ya kwanza kwa gauni langu mwenyewe, nikapata uso mmoja ambao mdomo uko upande wa kushoto wa zipu na macho upande wa kulia, nililifumua lote. Njia niliyoiona kuwa bora ni kukata kwa urefu, kuweka sura moja kifuani na nyingine katikati ya mabega, na kuijenga sketi kwa vipande vyenye nembo peke yake, vikiunganishwa kwa marinda. Gauni linatoka zuri, bibi alilivaa akafurahi, lakini njia hiyo inakula kitambaa. Unabaki na vipande vidogo vyenye sura visivyo na matumizi, na kitenge ambacho tayari ni kifupi kinazidi kuwa kifupi. Wale waliopeleka kwa mafundi wa mitaani waliombwa ada ya juu kwa ajili ya kupanga michoro, na mafundi hawakukosea, kwa sababu ni kazi ya ziada kweli. Michoro ya pindo, yenye sura moja kubwa kwenye kila ncha ya kitambaa na sehemu ya katikati iliyobaki na maua au misalaba midogo, ingemaliza tatizo lote. Ndugu zetu wa Congo, ambao kwa kikwembe cha sherehe ni walimu wetu, wanalijua jambo hili vizuri. Katika vikwembe vya ziara ya Papa Francisko ya Kinshasa mwaka 2023 nilivyoletewa kutazama, sura ilikuwa kubwa, imewekwa mahali pamoja, na fundi alijua pa kupita.

Tulikivaa kwa mara ya kwanza katika Pasaka, kwenye mkesha na kisha Dominika yenyewe, tarehe 20 Aprili. Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, tukasikia kwamba Baba Mtakatifu Francisko amefariki dunia. Nguo zetu zilikuwa bado kwenye kamba. Nililianua la kwangu likiwa na unyevu, nikalipiga pasi, nikalivaa jioni ile ile kwenye Misa ya kumwombea, na sitasahau kanisa lilivyokuwa: safu baada ya safu za akina mama wenye sura ile kifuani, wengine wakiifunika kwa kiganja wakati wa sala. Siku hiyo sikukiona kasoro yoyote kitenge hiki. Kilifanya kazi ambayo hakuna aliyekichapisha kwa ajili yake.

Baada ya tarehe 8 Mei, alipochaguliwa Papa Leo XIV, ulianza mjadala wa pili. Vilikuwa vimebaki vipande vingi stoo. Baadhi ya walionunua walitaka warudishiwe fedha zao, wakisema kwamba kitenge kimepitwa. Wengine walidai kwamba parokia ichapishe upya kwa sura ya Papa mpya, na kwamba kuvaa sura ya aliyefariki katika sherehe ni kukaribisha msiba. Bei ya vilivyobaki ikashushwa hadi shilingi 15,000, na waliolipa 25,000 wakalalamika, nami nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo, kuhusu sura yenyewe sikuwahi kukubaliana na waliosema kuwa imepitwa. Papa Francisko ndiye aliyeiitisha Jubilei hii kwa hati yake ya tarehe 9 Mei 2024, ndiye aliyefungua Mlango Mtakatifu, ule wa Basilika la Mtakatifu Petro unaofunguliwa wakati wa Jubilei, usiku wa tarehe 24 Desemba 2024, na haikuwa mara ya kwanza kwa Jubilei kufunguliwa chini ya Papa mmoja na kufungwa na mwingine: ile ya mwaka 1700 ilifunguliwa chini ya Innocent XII, na alipofariki ikafungwa na Clement XI. Papa Leo XIV aliufunga Mlango Mtakatifu tarehe 6 Januari 2026. Kitenge chenye sura ya aliyefungua mlango ni kumbukumbu sahihi ya mwaka ule. Ila funzo la kibiashara lipo, na kamati zote zinapaswa kulizingatia: binadamu aliye hai akichapishwa kwenye kitambaa cha kuvaliwa mwaka mzima, kitambaa kinafungwa kwenye uhai wake, iwe ni Papa, Askofu au Paroko anayeweza kuhamishwa mwezi wowote. Nembo haifi wala haihamishwi.

Kuhusu bei, shilingi 25,000 kwa kitambaa cha ubora huu ni nyingi. Nilikwisha kutaja cha Mtaa wa Uhuru. Tunaponunua kitenge cha parokia tunajua kuwa tunachangia, na sina kinyongo na hilo. Kanuni ya 222 inatukumbusha wajibu wetu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na tangu utotoni nimewaona wazazi wangu wakilipa zaka kabla ya kulipa deni la duka. Ninachokiomba ni kwamba mchango uitwe mchango. Mezani ingeandikwa kwamba gharama ya kitambaa ni kiasi hiki na cha kuchangia hija ni kiasi hiki, nisingekuwa na neno. Badala yake tuliuziwa kwa bei moja isiyofafanuliwa, na mapato yake hayakusomwa hadi mwezi wa Oktoba, baada ya jumuiya tatu kuuliza kwa barua kupitia Halmashauri ya Walei, yaani baraza la waamini wasio mapadre wala watawa. Yaliposomwa, tulijua kwamba faida ilikuwa takribani shilingi 6,000 kwa kila kipande kilichouzwa kwa bei ya kwanza na kwamba ilitumika kukodi mabasi ya Bagamoyo, matumizi ambayo hakuna mtu angeyapinga. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali kuwapa waamini hesabu ya kile ambacho waamini wenyewe wamekitoa. Mama aliyelipa kwa awamu nne kutoka kwenye genge lake la nyanya hakuwa anataka kumhukumu mtu. Alitaka kujua tu alichokifanya kwa fedha yake, ili naye aseme kwamba amepeleka watu hija.

Jambo lililobaki ni zito kuliko kitambaa, lakini haliwezi kutenganishwa nacho, kwa kuwa kitenge hiki hakikuuzwa kama nguo tu. Kiliuzwa kama sare.

Katika Misa ya Bagamoyo ilitangazwa kwamba maandamano ya vipaji, yaani ya kupeleka matoleo altareni, yatakuwa ya waliovaa sare tu, ili yapendeze. Kulikuwa na mama mmoja wa jumuiya yetu anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na kituo cha daladala, ambaye hakuwa amenunua kitenge kwa sababu mwezi wa Machi mtoto wake alikuwa amelazwa. Alikuja na kikapu cha ndizi mbivu na mayai kumi juu yake, amevifunika kwa kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe. Dada aliyekuwa anapanga mstari alimwangalia gauni lake la kila Dominika, akamwambia kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, kwamba apishe wenye sare. Mama yule hakubishana. Alitazama mstari, akaniona, akanipa kikapu akisema, "Dada, nipelekee." Nilikipeleka. Nilifika mbele ya Padre nikiwa na kikapu ambacho si changu, nimevaa nguo yenye neno matumaini kwenye pindo, na sikuweza kuitikia wimbo.

Jumamosi iliyofuata jumuiyani tulilizungumza. Mzee mmoja alitetea utaratibu kwa kusoma Mathayo 22, mfano wa yule aliyeingia kwenye arusi bila vazi la arusi akatolewa nje. Nimeusikia mfano huo ukitumiwa hivyo mara nyingi kila linapokuja suala la sare, na nashukuru kwamba katekista wetu alikuwepo. Alieleza kwamba Mtakatifu Augustino, alipouhubiri mfano huo, alisema vazi la arusi ni upendo, si nguo ya mwilini, kwa kuwa nguo nzuri wanaweza kuivaa wema na waovu. Kisha akafungua Barua ya Yakobo sura ya 2, pale ambapo anaingia kwenye kusanyiko mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, na maskini mwenye mavazi mabovu, na mmoja anapewa mahali pazuri huku mwingine akiambiwa asimame kule. Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Hakuna kanuni ya Kanisa inayomtaka mwamini avae sare ili ashiriki Misa au alete kipaji chake altareni, na jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, zilikusudiwa kuwa mahali ambapo mtu anajulikana kwa jina na shida zake.

Sisemi kwamba sare ziondolewe. Nimeona zinachokifanya. WAWATA iliundwa mwaka 1972, na wanawake ambao hawakuwa na kitu kingine kinachofanana, mke wa mkurugenzi na mfanyakazi wa ndani, wamesimama bega kwa bega ndani ya kitambaa kimoja bila mtu kujua nani ni nani. Na sikubaliani na wanaosema kwamba kitambaa ni jambo dogo lisilostahili mjadala wa kidini. Mwenyeheri Isidore Bakanja, kijana fundi mwashi wa Congo, aliamriwa na bwana mkubwa wa shamba avue skapulari yake. Alikataa, akachapwa mjeledi hadi majeraha yakamwua mwaka 1909. Skapulari ni vipande viwili vya kitambaa na kamba mbili. Kwa hiyo najua kwamba kitambaa kinaweza kubeba imani yote ya mtu, na kwa sababu hiyo hiyo kinaweza pia kumweka mtu nje ya mstari.

Suluhisho ambalo tumeliomba ni la mkasi na cherehani. Kipande cha yadi 6 kwa kila mtu kisiwe njia pekee. Vikatwe vitambaa vya kichwa vya nusu mita, viuzwe kwa shilingi 3,000, na atakayejifunga kitambaa hicho au kukitupia begani juu ya gauni lake la kawaida ahesabiwe kuwa na sare sawa na aliyeshona gauni la marinda. Vipande vyote vilivyobaki kwangu visivyo na sura nimekwisha kuvishona hivyo, vimetoka tisa, na mama wa mihogo ndiye aliyechagua cha kwanza.

Nikiulizwa kama ningekinunua tena kitenge hiki kwa shilingi 25,000, jibu langu ni hapana. Kwa 15,000, huku nikijua kwamba kinahitaji kulowekwa mara tano na kwamba yadi zake hazitimii, ndiyo, kwa ajili ya sura ile iliyochapwa vizuri na kwa ajili ya Jumatatu ile ya Pasaka. Ninayo kanga ya mama aliyoivaa wakati wa ziara ya Papa Yohane Paulo II nchini mwetu mwezi wa Septemba 1990, na zaidi ya miaka thelathini baadaye rangi yake bado inasomeka ukiitandaza. Hiki cha 2025 hakitafika huko, na ni huzuni, kwa maana nilitamani kumwachia binti yangu.

Parokia yetu inatarajia kuchapisha kitenge cha somo wetu. Safari hii Halmashauri ya Walei imeomba sampuli ya mita moja kabla ya kulipa, imepeleka maandishi yote kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili ayasome, na imekubali kwamba sura iwe kwenye ncha za kitambaa peke yake. Sampuli ililetwa kwangu wiki iliyopita. Nimechoma uzi wake mmoja, umeacha jivu laini. Nimeiloweka kwa chumvi usiku kucha, na asubuhi maji ya beseni yalikuwa meupe hadi nikaona chapa ya kiwanda chini ya beseni.